Wimbo hauna jina na Shazam haiujui: nianzie wapi?

SWALI

"Shikamoo mtaalamu. Mimi ni msichana wa miaka 24, nafanya kazi kwenye duka la steshenari hapa Makorora, Tanga. Kuna mteja alikuja kuchapisha barua za kuombea kazi, na kwenye flash yake nikaona faili la muziki la dakika 74 lililoandikwa 'mix final 2'. Nilimwomba akaniruhusu nilinakili. Alisema alipewa na binamu yake aliyesoma Kampala. Ni midundo ya kompyuta, haina maneno mengi. Kwenye dakika ya 41 kuna wimbo umeniteka kabisa: ngoma zinakimbia karibu kama singeli, lakini chini kuna besi nzito inayoburuta, na sauti ya mwanamke inarudiarudia neno moja nisilolielewa. Shazam, ile programu ya simu ya kutambua nyimbo, kila nikiiwekea inasema haijapata kitu. Nikitafuta YouTube naletewa walewale wakubwa wa matamasha ya Ulaya. Spotify nayo nikisikiliza kitu cha ajabu mara mbili inanirudisha kwenye amapiano. Kaka yangu anasema muziki huo uko kwenye mtandao wa siri na sisi wa huku tumefungiwa. Mwingine kasema bila kununua santuri na mashine yake sitaupata. Mama anasema hizo ni kelele za Wazungu zitakazoniharibu masikio, na kweli usiku nikivua hedifoni sikio la kushoto huwa linavuma. Sina kadi ya benki, bando langu ni la wiki. Nianzie wapi?"

JIBU

Marahaba, mdogo wangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na kitu cha kwanza ninachotaka kukuondolea ni hilo la mtandao wa siri. Haupo, angalau si kwa ajili ya muziki. Unachokitafuta, sehemu kubwa, kiko kwenye tovuti za kawaida ambazo simu yako inazifungua bila shida. Hakuna aliyeuficha. Kinachokosekana ni kitu cha kuuleta mbele yako, na hilo ni tatizo tofauti lenye dawa tofauti.

Mashine zinazopendekeza nyimbo hazisikilizi kama unavyosikiliza wewe. Kazi yao kubwa ni kuhesabu tabia za watu: waliousikiliza wimbo huu walisikiliza na upi, waliuruka baada ya sekunde ngapi, waliupanga kwenye orodha moja na nyimbo gani. Ni kondakta wa daladala yule, anaita njia yenye abiria. Ukimwambia unataka kwenda kusikokwenda mtu, atakupakia kwenye gari la Pongwe akuambie utajua mbele ya safari. Wimbo uliosikilizwa na watu 60 duniani hauna takwimu za kutosha, kwa hiyo mashine haijui iupange jirani na nini, na isipojua inakimbilia inachokijua. Kwa msikilizaji wa Tanzania wa umri wako, inachokijua ni amapiano. Usiichukie kwa hilo, ila usiitegemee.

Fedha nazo zinachangia. Tangu 2024 Spotify hailipi mrabaha kwa wimbo ambao haujafikisha kusikilizwa mara 1,000 ndani ya miezi 12. Sasa niambie, mtu aliyetengeneza wimbo akijua wapenzi wake ni watu mia mbili walio Kampala, Lisbon na Berlin, kwa nini ahangaike nao huko? Anauweka pale ambapo watu ishirini wataununua kwa dola moja moja. Ndiyo maana kuzama kwako Spotify hakujakupa kitu.

Kaka yako nimpe haki yake kidogo. Kuna nyimbo ambazo leseni yake ni ya nchi fulani tu, na ukiwa hapa unaziona zimefifia, hazichezi. Lakini hiyo kwa kawaida ni michezo ya kampuni kubwa zenye mikataba ya nchi kwa nchi. Kijana anayepakia kazi yake mwenyewe kutoka chumbani hana mwanasheria wa kumfungia Mtanga.

Tuje kwa Shazam, maana hapo ndipo watu wengi wanapokata tamaa mapema. Programu ile inachukua sekunde chache za sauti na kuzigeuza kuwa picha: muda unakwenda kushoto kulia, sauti nyembamba juu, nene chini. Kwenye picha hiyo inaacha vyote isipokuwa vilele, yaani zile nukta zenye nguvu kuliko jirani zake. Halafu inaziunganisha nukta mbili mbili, inaandika kila moja iko juu kiasi gani na pengo la muda lililopo kati yao, na namba hizo ndizo zinazolinganishwa na hazina yake. Kwa maneno mengine, Shazam haitambui wimbo. Inatambua rekodi moja maalumu. Mwimbaji yuleyule akiurudia wimbo uleule studio nyingine kesho, kwake hicho ni kitu kipya.

Ukilielewa hilo utaona kwa nini imeshindwa, na kwamba kushindwa kwake hakumaanishi wimbo haupo. Huenda rekodi haimo kwenye hazina yao. Huenda imo, lakini DJ ameiharakisha. Mashine ya santuri ambayo ma-DJ wengi duniani wamejifunzia, Technics SL-1200, ina kitelezi cha kuongeza au kupunguza mwendo hadi asilimia 8. Ukiongeza asilimia 6 tu, sauti nzima inapanda kwa nusu toni, nukta zote zinahama, na hesabu za Shazam zinakwenda upande. Na kuna uwezekano wa tatu ambao barua yako imenifanya niufikirie sana: umesema ngoma zinakimbia na besi inaburuta. Una hakika huo ni wimbo mmoja? Kazi ya DJ ni kulaza nyimbo mbili moja juu ya nyingine. Inawezekana kabisa ngoma zinatoka kwenye rekodi moja na besi pamoja na sauti ya yule mwanamke zinatoka kwenye nyingine, na ulichokipenda wewe ni zile dakika mbili zilipokutana.

Una kompyuta dukani, basi huna udhuru. Weka Audacity, ni programu ya bure ya kukata na kuhariri sauti. Fungua faili lako, kata kuanzia dakika ya 38 mpaka ya 44, ulihifadhi kama faili jipya. Kisha sikiliza kwa utulivu, kalamu mkononi. Besi imeingia dakika gani na sekunde ngapi? Sauti imeingia pamoja nayo au baadaye? Ngoma zikiondoka, besi inabaki? Vitu vinavyoingia pamoja na kutoka pamoja ni vya rekodi moja. Ukishapata sehemu ambayo kitu kimoja kinacheza peke yake, hata kama ni sekunde kumi, hiyo ndiyo ya kuipa Shazam. Ikikataa, punguza mwendo kwa asilimia 2, ujaribu tena. Kisha 4, kisha 6. Ikikataa tena, rudi uongeze badala ya kupunguza. Audacity ina namna mbili: kubadilisha mwendo pamoja na sauti, na kubadilisha mwendo peke yake ukiacha sauti ilivyo. Jaribu zote mbili, maana ma-DJ wa kompyuta mara nyingi huifunga sauti isipande. Ni kazi ya kuchosha, lakini mchana ule wa saa nane Tanga inapolala, wateja hakuna, utaimaliza.

Ukiwa hapo hapo, hesabu mapigo. Tazama saa, hesabu kwa sekunde 15, zidisha kwa 4. Muziki wa haus unakaa kati ya 120 na 130 kwa dakika. Gqom, midundo ya Durban, Afrika Kusini, iko maeneo hayo hayo. Dram en bes ya Uingereza inazunguka 174. Singeli inaanzia 200 na inaweza kugonga 300, na kwa mwendo huo usijisumbue kuhesabu kila pigo, hesabu kila la nne, la sivyo mkono utakufa ganzi. Nakuagiza hivi kwa sababu nina dhana. Ukipata karibu na 160, na mguu wako ukitaka kwenda taratibu ya 80 wakati ngoma zinaenda mbio juu yake, basi ulichokisikia kinafanana sana na footwork, muziki wa wacheza dansi wa Chicago. Tabia yake ndiyo hiyo: ngoma zinakimbia, besi inatembea nusu ya mwendo, na kipande cha sauti ya mtu kinakatwa na kurudiwa mpaka kinapoteza maana. Ndiyo maana huenda hulielewi hilo neno: yawezekana si neno, ni nusu ya neno iliyokatwa katikati ya silabi. Anza na RP Boo na marehemu DJ Rashad. Lebo ya Uingereza, yaani kampuni ya kutoa muziki, iitwayo Planet Mu ilitoa mkusanyo wa Bangs & Works mwaka 2010, na kupitia huo dunia nje ya Chicago iliujua muziki huu.

Ukipata 200 au zaidi, rudi nyumbani. Na hapa ndipo ninapotaka kukushika mkono, kwa sababu kitu cha thamani kuliko vyote kwenye barua yako umekitaja kwa sentensi moja ukapita: Kampala.

Kampala kuna lebo inaitwa Nyege Nyege Tapes, ya watu walewale wenye tamasha la Nyege Nyege lililoanzia Jinja mwaka 2015. Mwaka 2017 walitoa mkusanyo wa Sounds of Sisso, singeli ya studio ya Sisso ya Dar es Salaam, na ghafla midundo iliyokuwa inapigwa kwenye vigodoro vya uswahilini ikaanza kuchezwa kwenye kumbi za Ulaya. Baadaye wakafuata Bamba Pana, Jay Mitta, Duke, na kijana DJ Travella aliyetoa Mr Mixondo mwaka 2022. Wana lebo dada pia, Hakuna Kulala. Sisemi wimbo wako umetoka kwao. Ninachosema ni kwamba DJ yeyote aliyekuwa akizurura kwenye kumbi za Kampala miaka hii amepita karibu na watu hao, na ndiyo mahali pa kwanza pa kunusa.

Kabla ya kunusa mtandaoni lakini, mtafute yule mteja. Namba yake labda iko kwenye barua alizochapisha, ila hiyo usiichukue humo bila ruhusa yake, si vizuri. Akija tena muulize. Binamu anaitwa nani, alipewa na nani, kwa WhatsApp au kwa mkono, mwaka gani. Na lile jina, "mix final 2", linasema kitu. Mtu hachapishi kazi mtandaoni kwa jina hilo. Hilo ni jina la faili lililotoka moja kwa moja kwenye kompyuta ya aliyeitengeneza, kwa hiyo kati yako na DJ mwenyewe huenda kuna watu watatu tu. Bofya faili hilo kwa kitufe cha kulia, fungua sifa zake, tazama tarehe na sehemu ya jina la msanii. Mara kumi itakuwa tupu, mara ya kumi na moja utakuta jina la mtu.

Unaweza kudhani njia hii ya mkono kwa mkono ni ya kimaskini, na kwamba wenzetu wa ng'ambo wana njia bora. Wapi! Gqom ilisambaa Durban kwa WhatsApp na kwenye spika za teksi kabla mtu yeyote hajaiandikia makala. Huko Sahara, Mmarekani mmoja, Christopher Kirkley, alikusanya nyimbo zilizokuwa zinarukaruka kwa bluetooth na memori kadi kutoka simu hadi simu, akazitoa kama mkusanyo wa Music from Saharan Cellphones. Vibanda vyetu vya kuingizia nyimbo, vile vya "leta memori kadi nikujazie", ni hazina ya namna hiyohiyo. Kuna singeli na mchiriku kwenye kompyuta za vibanda vya Ngamiani ambazo hutazikuta popote mtandaoni. Pita na flash yako, uulize za zamani, usiulize mpya. Mpya anampa kila mtu.

Mtandaoni sasa. Kanuni yangu ni moja: fuata watu, usifuate wimbo. Mahali panapofaa zaidi kwa hilo ni Bandcamp, tovuti ya kuuzia muziki. Msanii au lebo anaweka kazi yake mwenyewe, unasikiliza bure kabla ya kununua, na kampuni inachukua asilimia 15 ya mauzo ya faili, nyingine inamfikia mwenyewe baada ya makato ya malipo. Fungua albamu moja unayoipenda, tuseme mojawapo ya hizo za singeli. Teremka chini kidogo: utaona picha ndogondogo za watu walioinunua. Watu hupita hapo bila kutazama. Bofya picha moja. Umeingia kwenye kabati la mtu mwenye ladha inayogusana na yako, na karibu vyote alivyowahi kununua viko wazi. Huyu hajahesabiwa na mashine, katoa hela yake. Tafuta kabatini kwake kitu ambacho wanunuzi wake ni kumi na wawili tu, ukisikilize, kikikupendeza bofya mmoja wa hao kumi na wawili. Baada ya hatua tatu au nne utakuwa umefika mahali ambapo hakuna orodha ya Spotify iliyowahi kufika. Albamu pia hubandikwa tegi, yaani maneno ya utambulisho, za mtindo na za mji. Usitafute tegi kubwa kama "electronic", utazama. Tafuta mji: Kampala, Durban, Lisbon, Dar es Salaam.

Discogs ni ndugu wa pili. Ilianza mwaka 2000 kama hifadhidata ya muziki wa elektroniki peke yake, na mpaka leo upande huo ndio ulioshiba. Huko husikilizi sana, unasoma. Kila rekodi ina karatasi yake: nani katengeneza, nani kachanganya sauti, lebo ipi, namba ngapi kwenye orodha ya lebo hiyo, hata herufi zilizokwaruzwa kwa mkono pembezoni mwa santuri karibu na karatasi ya katikati. Lebo ndogo mara nyingi ni mtu mmoja mwenye masikio mazuri na deni benki. Ukipenda toleo lake namba 7, kuna sababu ya kusikiliza la 6 na la 8. Kurasa hizo ni maandishi tu, hazili bando.

Kwa miksi, yaani nyimbo zilizounganishwa na DJ kama hilo faili lako, NTS ya London, redio ya mtandaoni iliyoanza 2011, inahifadhi vipindi vyake na vingi vina orodha ya nyimbo zilizopigwa. SoundCloud nayo usiidharau, ingawa kutafuta humo ni kama adhabu. Watu wakubwa wenyewe hujificha humo mchana kweupe: mwaka 2015 Aphex Twin, mtunzi maarufu wa muziki wa elektroniki, alimwaga nyimbo zaidi ya mia moja ambazo zilikuwa hazijawahi kutoka, kwenye akaunti ambayo jina lake lilikuwa neno "user" na namba ndefu tu.

Kuhusu bando, hesabu iko hivi. Faili la kiwango cha 128, yaani kilobiti 128 kwa sekunde, linakula karibu MB 1 kwa dakika, kwa hiyo miksi kama yako ni MB 71. Kwa kiwango cha 320 ni karibu MB 178. Video ya YouTube ya urefu huohuo itakula zaidi, na picha yenyewe ni santuri inazunguka, huna haja nayo. Kwa hiyo tenganisha kusoma na kusikiliza. Wiki nzima soma, andika majina kwenye daftari, kisha bando likikaribia kuisha muda wake na MB zimebaki, au ukipata Wi-Fi ya mtu, shusha vyote kwa pamoja. Na kwa hedifoni za kawaida, usiache kulala kwa sababu ya tofauti ya 320 na faili kubwa zaidi. Hutaisikia.

Malipo si kikwazo kikubwa kama unavyodhani. Kampuni za simu hapa kwetu zinatoa kadi ya mtandaoni ndani ya menyu ya pesa, unaihamishia kiasi unachotaka kutumia tu. Muulize wakala anayejua, si kila mmoja anaijua. Kazi nyingi ni dola moja au mbili kwa wimbo, na nyingine mwenyewe kaandika "lipa utakacho", sifuri ikiwemo. Hapo usione aibu kuweka sifuri leo na kurudi siku una hela. Tangu Machi 2020 Bandcamp ina Ijumaa ambazo inaacha fungu lake kwa wasanii. Ukiwa na dola mbili za kutoa, ngoja siku hiyo.

Aliyekuambia ununue santuri hajakudanganya moja kwa moja. Kuna kazi zilizotoka kwa sahani 300 tu na hazijawahi kuwekwa mtandaoni kwa ruhusa. Lakini mashine nzuri, sindano na usafiri wa sahani mpaka Tanga vitakula mishahara yako, na chumvi ya pwani haina huruma na vyuma. Kwako mimi nasema hapana, si sasa. Tovuti za kushusha bure za wizi nazo nitakuambia ukweli bila mahubiri: hatari kubwa si faili la MP3, ni kile kitufe kikubwa cha kijani kinachokuambia pakua kwanza kichezeo. Jina likiishia na .exe, au .apk kwenye simu, huo si wimbo. Kompyuta ya tajiri wako inapokea flash za mji mzima, unajua mwenyewe zile zinazogeuza mafaili yote kuwa njia za mkato. Usimuongezee balaa.

Mama mpe pole na umwambie hivi. Tekno ilianzishwa na vijana weusi wa Detroit na viunga vyake, Juan Atkins, Derrick May na Kevin Saunderson. Haus imetoka kwenye kumbi za weusi wa Chicago, kwa watu kama Frankie Knuckles. Singeli imejengwa juu ya vipande vya taarab vilivyoharakishwa, na taarab yenye gitaa la umeme na besi ni Tanga hii hii iliyoivumisha, kupitia vikundi vya Black Star na baadaye Lucky Star. Kama mama ni wa umri ninaoudhania, sauti ya Shakila, mwimbaji wa taarab hiyo, anaijua kwa moyo. Mpigie kitu kimoja, kisha mwombe akuambie kipande hicho cha kinanda amekisikia wapi. Wazee wa mji huu wanatambua rekodi kuliko Shazam.

Yote yakishindikana, umwandikie DJ, au mtu yeyote wa duara lile ambaye binamu atakutajia. Andika kwa adabu na kwa ufupi: wewe ni nani, umepata wapi miksi, na kipande cha sekunde 30 kilichokatwa safi, na dakika kamili. Usitume faili zima la dakika 74. Usiandike "naomba jina la wimbo" peke yake, wanapokea mia za namna hiyo. Mwambie umesikia nini ndani yake. Jiandae pia kwa jibu la "haujatoka", maana wapo wanaopiga nyimbo za marafiki zao ambazo ziko kwenye flash mbili tu duniani, na wengine wanazikalia makusudi ili wabaki nazo peke yao. Akikuambia hivyo, muulize aliyeutengeneza ana kazi gani nyingine iliyokwisha toka. Swali hilo hujibiwa.

Nimeliacha sikio mwisho kwa sababu hilo siwezi kukusaidia nikiwa huku. Kwenye jambo la kelele mama yako yuko sahihi kabisa, ingawa aina ya muziki haihusiki. Kipimo cha Shirika la Afya Duniani kwa mtu mzima ni desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na kila sauti inapopanda muda huo unapungua haraka sana. Hedifoni za bei rahisi simu ikiwa imejaa zinapita hapo bila wewe kujua, hasa ukizipandisha ili kuzima feni na bodaboda za nje. Shusha sauti, pumzisha masikio, usilale nazo. Lakini sikio moja tu kuvuma, tena mara kwa mara, si la kusubiri ujaribu mambo yako. Nenda hospitali ya Bombo ukaombe kuonana na daktari wa masikio, umwambie ni la kushoto, limeanza lini, na unasikiliza saa ngapi kwa siku. Likiziba ghafla, au ukianza kusikia kizunguzungu, nenda siku hiyohiyo, hata duka ukalifunga. Na mpaka atakapokuangalia, ile kazi ya Audacity ifanye kwa spika.